Aliyemuuma Mume Wangu Mdomo

Mume wangu hufanya kazi na malori pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Siku moja alipocheka niliona, ndani ya mdomo wake wa chini, kivimbe laini cha rangi ya samawati, kama punje ya mahindi. Papo hapo nikajua: kuna mwanamke wa ng'ambo anayemuuma mdomo. Alipoapa kwamba hakina maumivu, nilikasirika zaidi. Kidonda kisichouma si ni cha mapenzi?

Nilimburuta mwenyewe hadi kliniki ya meno mjini Busia. Daktari, dada mmoja mrembo kupita kiasi, alikibonyeza, akasema si kitu kibaya. Ni mate yaliyojikusanya baada ya kijifereji kinachoyapitisha mdomoni kupasuka. Kivimbe chenyewe kinaweza kupasuka kisha kirudi, hasa mtu akizoea kujiuma.

"Boss, huwa unajiuma saa ngapi?" aliuliza.

Mume wangu alinitazama. "Mama watoto akianza kuniuliza nilikuwa wapi, najiuma nisimjibu."

Niliona aibu, lakini aibu yenyewe haikufika mlangoni. Tulipotoka tu nilimuuliza kwa nini yule daktari alimwita boss kwa sauti tamu vile.

Akajiuma mdomo.