Friji Iliyosema Salama

Huku kwetu Mara mazungumzo hayaanzi na msiba. Mtu akikuuliza habari za nyumbani utajibu salama, na mkishaketi ndipo utamwambia kwamba bibi amefariki. Tuliifundisha programu yetu adabu hiyohiyo, mimi na mwenzangu, katika chumba tulichopanga Musoma. Kifaa ndani ya friji ya chanjo, kwenye zahanati moja upande wa Butiama, kilituma joto kila saa, na simu ya nesi ikaandika: Salama, nyuzi nne.

Mchana mmoja nilifungua chati nikakuta mstari umenyooka. Friji hai hupumua: mlango ukifunguliwa joto hupanda, ukifungwa hushuka. Hii haikupumua tangu Jumapili. Ilikuwa kama mtu anayekutazama akitabasamu, asipepese macho.

Nilimpigia nesi. Alikuwa stendi ya Bunda, akitoka mazishini.

"Mbona simu inaniambia salama, mdogo wangu? Huwaga inasema hivyo."

"Ndicho kinachonitisha, dada. Sijui ni nani anayejibu."

Nikasikia makondakta wakigombea abiria. "Kesho ni kliniki," akasema. "Watoto watakuja mpaka wa Kiabakari."

Tulikutana zahanati jua likiwa bado juu. Panya walikuwa wametafuna waya wa sola. Friji ilizima, kisha kifaa nacho kikaisha chaji kabla joto halijapanda, na programu, ilipokosa habari mpya, iliendelea kurudia ile ya mwisho. Nesi alifungua mlango. Hewa iliyotoka ilikuwa ya uvuguvugu, kama pumzi ya ng'ombe. Wakati huohuo simu ikatetemeka mfukoni mwake: Salama, nyuzi nne.



Kila kichupa cha chanjo kina mraba mdogo unaokolea rangi kikipata joto. Alikipeleka kimoja dirishani, kisha kingine. Miraba yote ilikuwa myeusi.

"Ningewachoma hizi," akasema taratibu, "halafu niwaambie mama zao wamekingwa."

Asubuhi akina mama walijaa barazani, na nesi akawaomba warudi Alhamisi, dawa zimekufa.

"Huyu amenikojolea mgongoni njia nzima," mmoja akasema, "leo unaniambia dawa zimekufa? Mmezizika wapi?"

Wakacheka. Nesi hakucheka.

Nilibaki kwenye benchi na kompyuta mapajani, nikaiandika upya. Kila joto sasa lingetaja saa lilipopokelewa, na kifaa kikinyamaza zaidi ya saa moja, simu ingelia na kuandika neno moja. Waya ulipotengenezwa, nilikizima kifaa makusudi tukasubiri.

Simu ikalia. Nesi akasoma: Sijui.

"Linatisha hilo neno," akasema.

"Nilifute?"

Alikuwa ameshainuka, anakwenda kufungua friji aingize mkono.