Padri Ameshacheka

Kwenye foleni ya famasi, mtaani Bel-Air, nilimwimbia mke wangu ujumbe wa mapenzi kwenye simu, nikautuma kimakosa kwenye kikundi cha kwaya ya parokia. Msichana mwenye sare ya shule akanisaidia kuufuta.

“Papa, bantu balisha kusikia?” akauliza, kama watu wameshausikia.

“Hata padri ameshacheka.”

Yeye hakucheka. Akanionyesha simu yake: “rafiki” ambaye hawajawahi kuonana alitaka picha yake ya siri, akiahidi kuifuta palepale, mradi mama asijue.

Nimezunguka nchi nyingi. Sijaona simu inayofuta kitu machoni pa mtu. Nikamwambia amwonyeshe mama yake, aliyekuwa kaunta akinunua dawa.

Mama alisoma, akamkumbatia bintiye, akamrekodia huyo “rafiki” ujumbe wa sauti:

“Ni miye mama yake. Ulisema nisijue. Sasa minajua.”