Barua za Mkutano wa Nyota

Mke mwenzangu alikuwa na mtoto Ulaya. Wa kwangu, aliyelingana naye umri, alikuwa akipalilia mtama kwenye shamba la kijiji. Nianzie hapo, maana mengine yote yalitoka hapo.

Ilikuwa miaka ile tulipohamia kijiji cha ujamaa, mwendo wa kutwa mpaka Kiomboi. Mtoto wa mwenzangu alikuwa anasomea redio za kusikiliza nyota. Si kuzitazama, kuzisikiliza, kwa masinia ya chuma makubwa kuliko nyumba. Kila mwaka vijana wa Ulaya wenye kazi hiyo walikutana, mwaka huu nchi hii, mwaka ujao nchi ile, na kila mmoja alisimama mbele ya wenzake akaeleza alichosikia. Yeye walimwita kwa kuwa alisoma kwao. Mkutano ukiisha, alimwandikia mama yake.

Mama yake hakujua kusoma. Mimi nilikuwa nimemaliza kisomo cha watu wazima na cheti nikapewa. Kwa hiyo barua zile nilizisoma mimi, uwanjani, mchana, tukipura uwele na majirani. Mwaka mmoja aliandika kwamba nyota inavuma kama mashine ya kusaga ikiwa mbali. Wanawake wakamwuliza mwenzangu kama mwanawe amepata unga huko. Alicheka nao, kajishika kiuno, kama vile yeye ndiye aliyesimama kule mbele. Kile kiuno kilinichoma.

Barua ya mwaka wa tatu ilisema amemaliza masomo, na wenyeji wake wanataka abaki miaka miwili afanye kazi. Chini yake aliandika: "Mama, ukisema nirudi, narudi. Nisipopata jibu mpaka mavuno, nitajua umeniruhusu."

Mistari hiyo yote, tangu ile ya kubaki, niliiona, nikairuka. Nikasoma salamu za mwisho, nikaikunja karatasi. Sikutaka arudi na viatu vyake, wanaume wainuke kumpokea, halafu wangu aulizwe yeye amefanya nini.

Mavuno yakapita. Mwenzangu akaanza kuuliza mbona mtoto hasemi habari za kurudi. Nilimwambia kazi za wasomi hazina mwisho. Basi akajiandikisha kisomo. Nilimcheka, nikasema atazeekea kwenye ba, be, bi. Aliendelea kwenda.

Siku moja nilikuwa napepeta, akaja na barua ile, kidole kakiweka juu ya mstari.

"Dada, hapa nimesoma mara nne. Nisomee na wewe, nijue kama macho yangu ni mabovu."

Nilisoma. Safari hii sikuruka kitu, mpaka mwisho.

"Kumbe nilisoma sawasawa," alisema. "Mwaka mzima, dada, nilidhani mtoto amenisahau."

Hakupiga kelele, wala hakumwambia mume wetu. Jibu aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kubwa, akalipeleka posta Kiomboi kwa miguu yake.

Kijana alirudi mwaka uliofuata. Alipoingia uani alinipa shikamoo mimi kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mama mkubwa. Nikaitikia marahaba. Mama yake alisimama pembeni akingoja zamu yake, machozi yakimtoka, na hata hapo, haki ya Mungu, nilimwonea wivu.