Profesa alisema tufukie ngolo ili mto ujae. Hesabu nilipiga mimi

Wakuu, salaam. Vijana nawaitikia marahaba kabisa kabla hamjaniamkia, maana wengi humu ni rika la wajukuu zangu.

Nitakayosimulia niliyaona kwa macho, na mengine niliyafanya kwa mikono yangu. Sijaongeza chumvi. Majina ya vyuo sitoi, kwa hiyo msije PM kuniuliza.

Niseme mapema kwamba nina hasira. Juzi kuna mtaalamu mmoja humu kaandika kwamba miradi ya umeme wa maji vijijini enzi za ujamaa ilikufa kwa sababu "wananchi hawakuwa na uelewa". Hiyo comment nimeisoma mara tatu mpaka chai ikapoa.

Uelewa! Haya, kaa hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi. Chuo chetu kilikuwa na ushirikiano na chuo kimoja cha Ulaya. Wao walileta profesa, wanafunzi wao wawili na vyombo vya kupimia. Sisi tulileta watu wa kubeba vyombo. Huo ndio ulikuwa ushirikiano wenyewe.

Tukapangiwa Mbinga, kijiji kimoja upande wa Ukata. Kazi ilikuwa kutega mto mdogo wa mlimani, maji yazungushe mtambo, mtambo uendeshe mashine ya kusaga na taa za zahanati. Wazo zuri sana. Mpaka leo wazo lenyewe siligombi.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wameshuka kutoka kwenye milima yao na kukusanywa pamoja. Aliyewashawishi washuke bila kusukumana ni mwenyekiti wao, Mzee Kapinga, Mmatengo mkulima wa kahawa, mtu wa misa na maneno machache.

Aliwaahidi kitu kimoja tu, mashine ya kusaga. Akina mama walikuwa wanabeba mahindi kichwani mpaka mashine ya misheni, kwenda na kurudi siku nzima imekwisha. Kwa hiyo mashine isipofanya kazi, mwenyekiti ni mwongo mbele ya kijiji kizima. Hilo alilijua yeye, na sisi tulilijua.

Tukaanza vipimo. Masika mto ulikuwa na maji ya kutosha na ziada. Kiangazi yakapungua, yakawa yanatosha kwa shida. Profesa akanuna. Kila Jumamosi wenzetu wa Ulaya walikuwa wanateremka Mbamba Bay kuogelea ziwani na kula samaki, lakini wiki ile hata ziwani hakwenda.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri.

Wamatengo wanalima ngolo. Kwa asiyejua: ni mashimo mlimani, mamia kwa mamia, yamepangana mteremko mzima. Wanafyeka nyasi, wanazilaza kwa mistari inayokatana, halafu akina mama wanachimba udongo wa katikati na kuzifunika. Unabaki na shimo katikati na tuta pande zote. Maharage na mahindi yanapandwa juu ya tuta. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni.

Mimi kwetu ni Singida. Kwetu maji ukiyaona yamesimama kwenye shimo, ujue yanangoja kukauka. Kwa hiyo nilivyokumbuka ule mlima ulivyojaa mashimo yenye maji wakati wa masika, juu ya mto wetu, kichwa changu cha kisomi kikaniambia: maji yetu ndiyo yale, yamezuiwa kule juu.

Nikachukua daftari. Nikahesabu mashimo, nikapima ujazo wa shimo moja, nikazidisha. Jibu likatoka kubwa, la kupendeza. Nikampelekea Profesa nikiwa nimevimba kifua.

Profesa alinipa mkono mbele ya wenzake. Wakuu, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ule mkono ulinilevya kuliko pombe.

Ikaandikwa barua kwenye karatasi yenye nembo ya vyuo vyote viwili. Ilisema mashimo yote juu ya banio la maji, yaani ule ukuta wa kutega mto, yafukiwe, ardhi isawazishwe, ili maji ya mvua yafike mtoni bila kupotea. Saini ya Profesa chini. Nakala zilikuwa mbili, moja faili la mradi, moja yangu mimi niliyepewa kazi ya kuisoma kijijini. Mwenyekiti hakuachiwa kitu. Alisomewa tu.

Siku nasoma, mama mmoja akasimama na jembe begani. Anaitwa Mama Oliva, shamba lake lilikuwa juu kabisa ya banio.

"Ndugu mtaalamu," akasema, "hayo maji ya shimoni hayajapotea. Yanakwenda mtoni kwa chini, polepole. Ndiyo tunayokunywa kiangazi."

Nikacheka. Nakiri, nilicheka. Nikamwambia, "Mama, tumepima."

Akina mama wakagoma. Wiki nzima hakuna aliyegusa jembe. Aliyewageuza ni Mzee Kapinga. Hakuhutubia. Alipanda mlimani na mkewe, wakaanza kufukia ngolo za shamba lao wenyewe. Aliposhuka aliwaambia, "Hawa watoto wamesoma kwa jasho letu. Hawawezi kutudanganya."

Nikikumbuka hilo neno, najisikia kujizaba kofi.

Wakafukia. Mtambo ukafungwa. Mashine ikasaga, vigelegele vikapigwa, na mke wa Mzee Kapinga akapewa heshima ya kusaga debe la kwanza. Tukapiga picha. Ile picha bila shaka iko kwenye maktaba fulani Ulaya mpaka leo.

Halafu mvua kubwa ikaja.

Mlima uliosawazishwa haukuwa na cha kuushika. Udongo wote ukashuka. Asubuhi moja tukakuta banio limejaa matope mpaka juu, bomba limeziba, mtambo umetafuna mchanga mpaka visu vyake vimelika. Tukasafisha, ukajaa tena. Mashine ikanyamaza.

Kilichoniua kabisa ni kiangazi kilichofuata. Mto ambao mwaka uliotangulia ulitosha kwa shida, sasa unauvuka bila kulowa kifundo. Hata maji ya kunywa wakawa wanayafuata bondeni.

Mama Oliva alinipita njiani na ndoo kichwani. Aliniangalia tu, akaenda zake.

Profesa akaandika ripoti. Mnajua aliandika nini? Kwamba mradi umeharibiwa na kilimo kibaya cha wanakijiji kwenye mteremko, na kwamba uongozi wa kijiji haukusimamia ardhi. Yule yule! Kwa kalamu ile ile aliyosainia barua!

Wakubwa wa wilaya wakaja na Landrova. Siku zile neno hujuma lilikuwa linatetemesha watu. Mali ya umma imeharibika, lazima apatikane mtu. Mkutano ukafanyika uwanja wa shule, Profesa kakaa kwenye kiti mbele, mimi nimesimama nyuma yake.

"Nani aliamuru mashimo yafukiwe?" mkubwa mmoja akauliza.

Mama Oliva akaruka, "Ni hawa wataalamu! Walitusomea barua!"

"Barua iko wapi?"

Mama Oliva akageukia wenzake.

"Mama, nauliza, barua iko wapi? Mnayo?"

Wakamtazama mwenyekiti. Mzee Kapinga akasimama, akavua kofia.

"Mimi ndiye niliyewaambia wafukie," akasema. Akanyamaza. "Niliwaambia kwa sababu niliamini tulichosomewa." Akanyamaza tena, akatuangalia sisi wa mbele mmoja mmoja. "Kama kuna mwenye zaidi ya hayo, aseme."

Wakuu, barua ilikuwa mfukoni mwangu. Mfuko wa kulia wa suruali, imekunjwa mara nne. Nilikuwa nimeishika.

Na wiki moja kabla, Profesa alikuwa ameniambia jina langu limepelekwa. Nikimaliza mwaka wa mwisho, nakwenda Ulaya kwa digrii ya pili, chini ya ushirikiano.

Hakuna aliyenitisha, wala aliyenikonyeza. Ningependa sana kuwaambia nilitishwa. Nilinyamaza mwenyewe.

Mzee Kapinga akavuliwa uenyekiti pale pale uwanjani. Akapandishwa Landrova, akalala mahabusu Mbinga mjini karibu mwezi mzima. Aliporudi, wale wale aliowashusha mlimani wakawa wanamwita mwongo, kwamba kawatoa kwenye makazi yao kwa ahadi ya mashine, mashine hakuna, na maji kawapotezea. Akafungasha, akahamia Namswea kwa shemeji zake.

Akina mama hawakungoja ripoti ya mtu. Walirudi mlimani, wakachimba ngolo zao upya bila kuamriwa. Miaka kadhaa baadaye nikasikia mto umerudi. Mtambo umebaki pale, chuma tupu. Wataalamu wa kuufufua hawakuja, maana kwenye makaratasi yao lile tatizo lilikuwa la watu, na lilishafungwa.

Mimi nikaenda Ulaya. Nikasoma. Kule nikakaa darasani nikafundishwa, kwa vitabu, kwamba mashimo ya mteremko yanazamisha maji ardhini na kulisha chemchemi. Maneno ya Mama Oliva, neno kwa neno. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na nikapata maksi zote.

Nikarudi, nikawa mhandisi, nikaitwa mheshimiwa kwenye vikao.

Ilinichukua miaka kumi na kitu kwenda Namswea. Nilimkuta Mzee Kapinga anaanika kahawa kwenye kichanja. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia vizuri tu, akaniletea kigoda. Nikatoa ile barua, nikamweleza nilivyokuwa nayo siku ile uwanjani. Nilitarajia anifukuze. Kusema kweli nilitaka anifukuze.

Aliendelea kugeuza kahawa.

"Nilijua unayo, mwanangu," akasema. "Nilikuona umetia mkono mfukoni. Ndiyo maana niliongea polepole, ili upate nafasi."

Wakuu, nimezika wazazi, nimezika mke. Hakuna maneno yaliyowahi kunipiga namna hiyo.

Nikamwomba twende wilayani, nikaseme. Akasema wale waliomvua wengi wameshahama au wamekufa, na kahawa yake haijakauka. Barua hakuichukua. Alifariki miaka michache baadaye, na kwenye ripoti ya Profesa bado ndiye mkosaji.

Funzo? Wanaokuja na vipimo wana haki ya kukosea, hata mimi nilikosea kwa nia njema kabisa. Uovu ulianza pale tulipojua tumekosea na kumwachia kosa mtu ambaye hakuachiwa hata nakala. Kwa hiyo ukisoma ripoti ya mradi wowote, uliza nani aliandika na nani hakupewa kalamu. Na usije hapa kuniambia habari za uelewa.

Haya, uwanja wenu. Mnaotaka kunisema, nisemeni, nimestahili, na ngozi yangu ni ngumu. Ila kama na wewe una karatasi ya aina hii kwenye droo, na yule aliyebebeshwa kosa bado yupo hai, comment iache. Mpelekee leo.