Kimea Nyuma ya Kompyuta

Kwa miaka kadhaa nimekana, tena kwa kuapa, kwamba kompyuta yangu ina kazi nyingine zaidi ya sayansi. Ukweli ni kwamba kila kipupwe ilikuwa inaotesha ulezi wa mama.

Mimi na wenzangu tuliosoma chuo pamoja tulijitolea kompyuta zetu kwa mradi wa watafiti. Programu yao hupokea kipande cha hesabu kupitia mtandao, kompyuta hukikokotoa mchana kutwa na usiku kucha, kisha hurudisha jibu. Hesabu ni nzito, na kompyuta yangu ya mezani hutoa joto kama ng'ombe aliyelala. Mama, alipohamia kwangu Katandala, hapa Sumbawanga mjini, aliliona joto hilo kabla yangu. Kwangu tunapika kwa gesi, mafiga ya kuoteshea kimea hakuna, na baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba haioteshi kitu. Akaloweka ulezi wake, akaufunga kwenye gunia lenye unyevu, akauegemeza nyuma ya kompyuta. Ukaota. Wenzangu wakiniuliza kwa nini najituma sana wakati wa baridi, nawajibu kwamba nawaza maendeleo ya binadamu.

Safari hii kimea kilikuwa cha pombe ya siku ya misa ya kumwombea baba. Ndugu wa kule Kipili walikuwa wameshaanza kufunga mizigo ya kuja.

Asubuhi mama alitia mkono kwenye gunia, akautoa haraka.

"Mwanangu, mashine yako imelala."

"Haijalala, mama. Inafanya kazi."

"Basi inafanya kazi ya baridi."

Nikatazama. Kipande kilikuwa asilimia tisini na nane, kimeandikwa kinaendelea, lakini muda uliobaki ulikuwa unaongezeka badala ya kupungua. Feni kimya. Nikakisimamisha, nikakiendeleza. Nikafunga programu, nikaifungua. Nikazima kompyuta nzima, nikaiwasha. Kikarudi nyuma kidogo, kikapanda, kikaganda palepale.

Dawa iliyobaki ilikuwa kukifuta. Ila jana yake nilikuwa nimechezea mipangilio kwa ujuaji wangu, nikaharibu vipande viwili, na asubuhi hiyo mradi ukanijulisha kwamba sitapewa kingine hadi kesho. Na ulezi ulikuwa umetoa vijimea vyeupe vidogo tu. Ukipigwa baridi hapo, unaoza.

"Nilisema tuweke jiko la mkaa," mama alisema.

Ni kweli alisema. Nami nilimpa mhadhara mrefu juu ya moshi wenye sumu.

Alikuja na blanketi. Alilaza gunia mapajani, akalizungushia blanketi na mikono yake miwili, akakaa hivyo. Saa ya chai ikapita. Nikampigia rafiki yangu wa Dodoma, kiongozi wa timu yetu.

"Kazi imeganda," nikamwambia. "Na mradi umeninyima nyingine."

"Futa, subiri kesho."

"Siwezi kusubiri."

"Wewe dada, hesabu za watu zinakuharakishia nini?"

Nikamtazama mama. "Ulezi," nikasema.

"Nini?"

"Kimea cha mama. Kinaota nyuma ya kompyuta. Ni cha misa ya baba."

 

"Kumbe hayo ndiyo maendeleo ya binadamu," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha nikasikia akibonyeza vitufe. "Nimekiona kipande chako. Wenzako wawili waliopewa hichohicho nao wamekwama hapohapo. Ni kibovu chenyewe. Kifute. Halafu jiunge na mradi wangu wa pili, vipande vyake ni vingi na vinachemsha kweli. Andika anwani."

Niliandika, nikabonyeza, tukasubiri wote watatu. Feni ikakohoa, ikaanza kunguruma. Mama akainuka na gunia lake, akalirudisha mahali pake.

"Ndiyo hiyo ninayoisikia?" rafiki yangu akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Mwambie mama shikamoo. Na asije akaifunika blanketi."

Nikageuka. Mama alikuwa ameshalikunjua blanketi juu ya mashine.