Swali la Shamba: Safari ya Mzumbe hadi Mgeta

Niliondoka Mzumbe kwa hasira, na sioni haya kulisema.

Tulikuwa tunaandaa kitabu cha kulinganisha nchi kadhaa: kasi ya ongezeko la watu, kipato, maji, shule, ardhi. Ilikuwa enzi za ruksa, masharti ya uchumi yamelegezwa, na wafadhili walitaka kila kitu kiwekwe kwenye jedwali, nchi moja kando ya nyingine. Mimi nilikuwa mwalimu wa takwimu chuoni hapo. Sura ya ardhi alipewa Bwana Phiri, Mmalawi mpole aliyekuja kufanya kazi nasi, na Kiswahili alikipata Mbeya alikosoma ujanani. Siku aliyoniletea rasimu yake nilisoma kwamba kaya nyingi za Milima ya Uluguru hazina ardhi, kwamba watu wanaongezeka kupita uwezo wa milima, na kwamba inafaa wahamishiwe bondeni. Mfano aliouchagua ulikuwa Mgeta. Mgeta ndiko alikozaliwa mama yangu.

"Hawana ardhi?" nilimwuliza. "Na hizo kabichi zinazoshuka kila siku zinaota mawinguni?"

"Ndivyo walivyojibu, Mwalimu. Swali ni lile lile tulilouliza nchi zote, ili zilingane. Mkuu wa kaya anaulizwa kama ana shamba. Wengi walisema hawana."

Mimi nimekulia Kingolwira, baba yangu akiwa askari magereza, na milima nikiitazama kwa mbali. Jibu la kitaalamu sikuwa nalo. Nilichojua ni kwamba mama yangu mkubwa hajawahi kununua kabichi maishani mwake. Kitabu kilikuwa karibu kwenda kwa mchapaji, na kikishatoka, wakubwa wangekishika mkononi wakipanga nani abaki mlimani na nani ashuke. Nikamwambia Bwana Phiri atafute viatu vya maana, kwa sababu tunapanda.

Alfajiri tulikuwa Sangasanga, pale barabara ya Mgeta inapoiacha ile ya Iringa. Malori ya wafanyabiashara yalikuwa yakipanda matupu kufuata mboga. Dereva mmoja alikubali kutubeba, akamtazama mwenzangu kuanzia tai hadi soksi, akasema, "Mzee, huko juu kuna baridi. Hiyo tai haitakufunika kifua." Bwana Phiri alicheka, lakini tai hakuivua.

Njia ya kupanda ni kona juu ya kona. Kadiri tulivyokwenda, joto la Morogoro lilibaki nyuma na ukungu ukaanza kutulamba nyuso. Kisha mashamba yakajitokeza, matuta yamepangwa ngazi kwa ngazi kutoka mtoni hadi karibu na msitu: viazi, njegere, karoti, kabichi. Sijui kama kuna mahali pengine watu wamefinyanga mlima hivyo kwa jembe la mkono. Nilijisikia kama mtu anayemwonyesha mgeni sebule yake. Tulipopita shule ya msingi wakati wa mapumziko, Bwana Phiri aliwaona watoto waliojaa uwanjani, akasema polepole, "Kasi ya ongezeko hiyo hapo." Pembeni yao wazazi walikuwa wakipanga matofali ya darasa jipya. Nikamwambia aandike na matofali.

Mchana tulifika kwa mama mkubwa. Alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu Prisila. Leo mlima umekuona! Na huyu baba?"

"Mgeni wetu kutoka Malawi. Anataka kujua kama mna mashamba."

"Hee! Basi ale kwanza."

Tulikula viazi vya kuchemsha na njegere. Mumewe, baba mkubwa Fabiani, alikaa karibu na mgeni akimsukumia sahani kila alipopumzika. Walipokwisha kunawa, Bwana Phiri aliuliza swali lake kwa adabu, vile vile lilivyo kwenye dodoso.

"Baba, wewe ndiye mkuu wa kaya hii?"

"Ndimi."

"Una shamba?"

"Sina."

"Hata dogo?"

"Hata la kupanda kitunguu kimoja, baba."

Bwana Phiri alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko rasimu yenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkubwa yeye alikuwa anaangua kicheko.

"Mbona mimi huniulizi?"

"Samahani, mama. Una shamba?"

"Ninalo! Kuanzia ile migomba mpaka mtoni. Ni la lukolo, ukoo wetu wa kwa mama. Bibi alimwachia mama, mama katuachia sisi mabinti. Huyu mwenzangu nilimpokea na jembe lake tu."

"Na jembe lenyewe zuri," alisema baba mkubwa bila kukasirika. "La kwetu liko ng'ambo ya mto, wanalima dada zangu. Wale vijana wenu wa dodoso walikuja hapa, nao waliniuliza hivyo hivyo. Ningesema shamba hili ni langu, ningekuwa mwongo, na wajomba wa huyu mke wangu wangenisikia."

Bwana Phiri akaanza kucheka, akacheka mpaka akaivua ile tai.

"Mwalimu," alisema, "nyumba yangu nimeijenga kijijini kwa mke wangu. Shamba tunalolima ni la mama yake. Kwetu mtu kama mimi ana jina lake, mkamwini."

"Na wewe ungeulizwa kama una shamba?"

"Ningesema sina." Kicheko kikamkauka. "Na kule pia tuliwauliza wanaume."

Asubuhi iliyofuata mama mkubwa alitupitisha shambani. Hakutudanganya kwamba mambo ni mepesi. "Watu tumeongezeka, usimfiche mgeni," aliniambia. "Kipande alicholima mama peke yake sasa tunagawana, na mabinti zetu watagawana tena. Lakini hatujashindwa. Siku hizi kabichi inalipa kuliko kahawa, na tunajua wenyewe nani alime wapi." Halafu akasimama kwenye tuta moja juu ya mto, njegere zimechanua. "Hili lilikuwa la mama yako. Hayupo, basi ni lako. Tunakulimia lisiote magugu."

Niliinama nikagusa udongo, machozi yakanitoka mbele ya mgeni, wala sikuyafuta.

Tulirudi juu ya lori lililojaa kabichi. Dereva alitushusha njia panda, akaendelea na safari ya kuelekea Msamvu na Dar es Salaam.

Kwenye kikao cha Mzumbe mabishano yalikuwa makali. Wenzetu walilalamika kwamba swali likibadilika, jedwali la nchi zote litavurugika. "Livurugike," alisema Bwana Phiri. "Limesema watu hawana ardhi nao wamesimama juu yake, Mgeta na kwetu pia." Sentensi ya kuwahamisha watu ilifutwa, na kitabu kikachelewa ili sura yake irudiwe. Kasi ya ongezeko la watu tuliiacha ilivyo, kwani ni ya kweli, na sikuomba iguswe. Nilichojifunza ni kwamba ukitaka kuzilinganisha nchi, jua kwanza ndani ya kila nyumba wa kuulizwa ni nani.

Tuliandika swali upya, sasa aulizwe kila mtu mzima, mwanamke kwa mwanamume. Bwana Phiri akataka lijaribiwe pale pale.

"Tuanze na wewe, Mwalimu. Una shamba?"

Mimi ni mpangaji katika nyumba ya chuo. Miaka yote swali hilo nililijibu kabla halijaisha, na jibu lilikuwa moja: sina.

"Ninalo," nilisema. "Liko Mgeta, juu ya mto. Msimu huu lina njegere."