Chetezo cha Chaji na Posa ya Raya

Aibu yangu hii nawatolea mwenyewe leo, kabla hamjaisikia kwa mdogo wangu Raya, maana yeye kila akihadithia huongeza moshi. Ndiyo, ni mie niliyewatoa wakwe zake nyumbani kwetu hapa Ibra, na nilikuwa nimevaa nguo mpya na wanja machoni, mjinga aliyejipamba.

Kisa ni chetezo cha chaji. Mnavijua vile vidogo vya kushika mkononi, unakichaji kama simu, unatia buhuri kwenye kikombe chake, unabonyeza, moshi unatoka bila ya kaa la moto. Nilikinunua mtandaoni kwa binti mmoja aliyeapa kwenye video kwamba ni chuma kitupu chenye maji ya dhahabu (chuma, subirini), na tangu kilipofika nikawa nakicheka chetezo cha udongo cha mama, na makaa yake na majivu yake, nikisema ni mambo ya watu wa kale. Karatasi ya maelezo niliitupa pamoja na boksi, kwa sababu mie, bila ya shaka, nilizaliwa nikijua.

Siku hiyo Bi Thureya, mama wa kijana aliyemposa Raya, alikuwa anakuja kutoka Sur na binti zake wawili kuchukua jibu. Jibu lilikuwa ndiyo. Raya alikuwa hajala vizuri siku mbili kwa furaha, na lililobaki ni mama kulitamka kwa heshima zake, baada ya kahawa na halua.

Asubuhi nikakiona chetezo kimeganda buhuri za zamani, nyeusi, zinanata. Shangazi Zuwena akaniambia nikikwangue taratibu kwa kijiti kikiwa baridi, nikipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha nikiwashe kitupu uani nione kinanuka nini. Nikamwitikia kwa adabu zote, nikaenda kufanya yangu: nikakisugua kwa waya wa kusugulia sufuria, kikakataa, nikakimwagia asitoni ya kutolea rangi ya kucha, kikakubali. Kilikubali sana. Maji ya dhahabu yalitoka yote, chini yake pakatokeza kitu cheupe laini (hicho ndicho chuma cha yule binti), nami nikafurahi kwamba kimetakata, nikakimalizia kwa sabuni ya vyombo, nikakichaji.

Wageni wakafika, wakala tende, kahawa ikazunguka. Mie niko jikoni, nikakitia buhuri nikakiwasha ili kipate moto mapema, na harufu iliyotoka ilikuwa ya plastiki inayoungua na sabuni ya ndimu juu yake, ikapita chini ya mlango mpaka kwa wageni, na nikamsikia mmoja wa wale mabinti akiuliza kama kuna kitu kinaungua. Hapo mtu mwenye akili angekizima, akafungua dirisha. Mie nikaongeza buhuri ifunike ile harufu, nikaingia nacho nikitabasamu.

Sasa nyie mnajua, na mie nilijua pia, kwetu udi hutolewa mwisho. Baada ya udi hakuna kukaa, mgeni hujifukiza, huaga, akaenda zake. Na mama ndiyo kwanza alikuwa anasafisha koo alitamke lile jibu.

Bi Thureya alikitazama chetezo, akamtazama mama, akaweka finjani yake chini. Kwa adabu (watu wa adabu wanatisha) akakipokea, akakiingiza chini ya shela yake kama ilivyo desturi, akakohoa, akakohoa tena. Alipokitoa, uzi wa plastiki ulikuwa umevutika kutoka kwenye kile kikombe mpaka kwenye hariri ya shela.

"Mngetwambia hapana kwa mdomo, bibi," akamwambia mama. "Hakukuwa na haja ya haya."

Wakainuka. Kabla mama hajawahi kujibu, wakawa wameshafika mlangoni. Nyuma ya pazia Raya akaanza kulia, kile kilio cha kuziba mdomo kwa kiganja, na wallahi nilijichukia.

Nikatoka mbio miguu mitupu, majirani wote wanatazama, nikaushika mlango wa gari lao nikaungama kila kitu, waya, asitoni, karatasi, video, na maneno ya shangazi niliyoyapuuza, nikawaambia jibu ni ndiyo, mjinga ni mie peke yangu.

Bi Thureya akanisikiliza mpaka mwisho. "Shangazi yako alikwambia ukijaribu uani?"

"Alinambia."

"Na wewe ukamwitikia?"

"Nilimwitikia."

Akatikisa kichwa, akashuka garini. Kahawa ikatiwa upya, mama akalitamka jibu, na wakati wake ulipofika shangazi akaleta chetezo cha udongo, akapita nacho mbele yangu bila ya kunitazama.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu langu zima, iliyoharibika ni shela ya mtu. Nimeapa, kitu cha moto sikisugui tena kabla ya kusoma karatasi yake, na shangazi akinena natenda kwanza, kuitikia baadaye.

Mwezi uliopita nilikwenda Sur kumtazama Raya kwake. Wakati wa kuaga, Bi Thureya akatoa udi, chetezo kikapita mkono kwa mkono kwa wanawake wote waliokuwapo, kila mmoja akijifukiza na kumpa mwenziwe. Zamu yangu ilipofika, yeye mwenyewe akainuka, akakichukua kwa jirani yangu. Nikanyoosha mikono nikipokee, hakuniachia.

"Wewe inama tu, mwanangu," akasema. "Nitashika mie."

Nikainama.